Nawageuza wazee wa watu, mama yangu anageuzwa na mtoto wa watu

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 33, mzaliwa wa Muheza, mkoani Tanga. Nakuandikia kutoka mji mdogo katika jimbo la Thuringia, mashariki mwa Ujerumani. Nimetoka zamu ya usiku saa moja iliyopita na usingizi umegoma. Usiku wa jana tulikuwa wawili kwa wazee 58.

Nilisoma uuguzi ngazi ya cheti hukohuko nyumbani, nikakaa miaka miwili nasubiri ajira. Oktoba 2021 nikaja huku kwa mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu, yale ambayo wiki kadhaa uko darasani, wiki kadhaa uko kwa wagonjwa, na unalipwa posho ya mwanafunzi. Nilimaliza Septemba 2024, nikaajiriwa palepale kwenye nyumba ya wazee.

Kazi siichukii, Shangazi. Kuna bibi wa miaka 91, kila jioni anavaa koti, anashika mkoba wake, anakaa mlangoni kusubiri basi la kumpeleka kwa mama yake. Mwanzoni nilimwambia ukweli, kwamba mama yake alishafariki, na kila jioni alilia msiba upya. Sasa namwambia basi la leo limechelewa, tunywe chai kwanza. Anakunywa, anasahau, namvua koti.

Mama yangu ana miaka 72. Maisha yake yote amelima machungwa na mihogo, hana pensheni ya mtu yeyote. Mei mwaka jana alipata kiharusi, akapooza upande wa kulia. Nilipewa ruhusa ya wiki tatu nikaenda. Tukampata binti wa miaka 19 kutoka Lushoto wa kukaa naye. Namlipa shilingi 120,000 kwa mwezi, kula na kulala juu yetu. Dawa za presha, pampasi, na mtu wa mazoezi ya viungo anayekuja mara mbili kwa wiki, vyote natuma mimi.

Binti huyu nimemfundisha kazi kwa simu. Simu anaiegemeza kwenye kopo la sukari juu ya stuli, upande wa mkono wa kulia wa mama, kwa sababu ndiko kuna nafasi. Yeye anakaa kushoto. Mimi huku nimejificha chumba cha kufulia wakati wa mapumziko, namwambia: weka mto katikati ya magoti, shika bega na nyonga, usimvute mkono ule uliopooza, sasa mviringishe taratibu. Kila baada ya saa mbili. Ana mikono mizuri yule mtoto. Miezi minane sasa, mama hana hata kidonda kimoja cha kulalia. Huku nimeona wazee wakija na vidonda unavyoweza kuingiza ngumi.

Lakini mama haniangalii. Namwita kwenye simu, anamgeukia binti. Maneno yake yamebaki machache, na mojawapo ni "mwanangu". Analisema kwa yule.

Nina kaka wawili, mmoja Dar es Salaam, mwingine Tanga mjini, ambako kwa daladala ni chini ya mwendo wa saa moja na nusu mpaka nyumbani. Mwezi Desemba wakaandika kwenye kundi la familia: "Unawaogesha wazee wa Wazungu, wako anaogeshwa na hausigeli. Wenzetu hao wanatupa wazazi wao, na wewe umeiga." Mjomba naye akatia neno lake kuhusu radhi za mzazi. Wanataka nirudi, kwa sababu mimi ni binti pekee, na mimi ndiye nesi.

Sasa binti naye ameaga. Baada ya Idi anaondoka. Bibi yake aliyemlea kule Lushoto ameanza kuangukaanguka na hana wa kumtazama.

Kinachonifunga ni hesabu. Mwezi huu natimiza miezi 52 ya michango ya pensheni. Ikifika 60, nina haki ya pensheni ya uzeeni, hata kama nitakuwa nimerudi Muheza. Na mwezi huohuo natimiza miaka miwili ya kazi baada ya mafunzo, ambapo naweza kuomba kibali cha kudumu. Imebaki miezi minane, Shangazi! Nikiondoka leo, pensheni inabaki ombi la kurudishiwa nilichokatwa mimi tu, tena baada ya miaka miwili.

Na kuna mtu mwingine. Mwalimu wangu wa vitendo amezaliwa mwaka 1964, mgongo wake umechoka, anafanya kazi amefunga mkanda kiunoni. Ndiye aliyenifundisha hata kusema "pole" kwa lugha yao. Nilipomgusia habari za kurudi, alinyamaza, kisha akasema: "Nilidhani utabaki nami mpaka 2031." Huo ndio mwaka atakaostaafu.

Nirudi sasa, au nimalize miezi minane? Na mama akinifia humo katikati, nitaishi vipi?

Nesi wa Zamu ya Usiku

*

Marahaba mwanangu, na pole na zamu.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Nilipofika pale kwa kaka yako wa Tanga mjini, niliiweka mezani nikaenda kuchemsha chai, maana nilijua nikijibu wakati ule nitajibu kwa hasira, na hasira haikuwa yangu kuwa nayo.

Nikikusikia vizuri, unasema hivi: mama ni mgonjwa na umri unakwenda; uko mbali, unatuma pesa na maarifa badala ya mikono; ndugu wanakuhukumu; msaidizi anaondoka; na kuna mlango utafunguka Septemba ambao ukiuacha leo pengine hutaupata tena. Juu ya hayo yote, yuko mama wa Kijerumani mwenye mkanda kiunoni, naye umemweka mabegani.

Tuanze na huyo wa mwisho, maana ndiye mwepesi kumshusha. Mwaka 1964, katika Ujerumani zote mbili za wakati ule, walizaliwa watoto kama milioni 1.36, wengi kuliko mwaka mwingine wowote baada ya vita. Mwaka 2024, Ujerumani iliyoungana ilipata watoto 677,000 hivi, nusu yake. Kwa maneno mengine, wanapotoka kazini wawili wa rika la mwalimu wako, nyuma yao anakuja mmoja. Na Thuringia ni miongoni mwa majimbo yenye wazee wengi zaidi, kwa kuwa baada ya 1990 vijana wengi walihamia magharibi kutafuta kazi wakawaacha wazazi. Kumbe hata huko kwao kuna kina Muheza.

Serikali yao imejaribu dawa mbili tatu. Wamesogeza umri wa kustaafu kidogokidogo kutoka miaka 65, na kwa waliozaliwa 1964 kuendelea umefika 67. Ndiyo maana mwalimu wako anautaja 2031. Wametunga sheria ya kuwapokea wafanyakazi wenye ujuzi kutoka nje, ikaanza 2020, wakailegeza tena 2023 na 2024. Septemba 2024 wakatia saini mkataba wa ajira na majirani zetu Wakenya. Yote haya yanafanyika kwa kuwa pengo ni kubwa. Ni pengo la vizazi, mwanangu. Hukulichimba wewe, na mgongo wako hautalifukia. Mpende mwalimu wako, mshukuru, mnunulie maua ukiondoka, lakini ile "mpaka 2031" ni huzuni yake, si deni lako. Naamini ukimuuliza, yeye mwenyewe atakwambia hivyo.

Sasa nyumbani. Kaka zako wanasema Wazungu wanatupa wazazi. Wewe unafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo kila siku unawaona walioletwa, na pengine hata wewe umeanza kuamini. Lakini mwisho wa 2023 Ujerumani ilikuwa na watu wapatao milioni 5.7 wanaohitaji kutunzwa, na asilimia 86 kati yao walikuwa wakitunzwa majumbani, wengi wao na jamaa zao. Mabinti, wake, wakwe. Tofauti na kwetu ni kwamba tangu 1995 wana bima ya utunzaji, inayokatwa kwenye mshahara, hata wako. Bima hiyo humlipia michango ya pensheni jamaa anayemtunza mgonjwa nyumbani kwa saa za kutosha kila wiki, ikiwa ajira yake nyingine haizidi saa 30. Kwa lugha nyingine, wamekubali kwamba kumgeuza mzazi kila saa mbili ni kazi. Ngumu, halali, yenye thamani, na aliyeifanya asizeeke maskini kwa sababu aliifanya.

Kwetu bado tunaiita mapenzi ya binti. Na mapenzi ya binti hayana likizo.

Ndiyo maana nataka uisome tena ile sentensi ya kaka zako, polepole. Wanachomaanisha ni kwamba pesa siyo mtoto. Sawa. Basi mbona mtoto anayekaa mwendo wa daladala moja anahesabiwa kama hayupo? Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hapa naona waliopo ndio hawana lao. Sisemi ni watu wabaya. Huenda kaka wa Tanga anaona aibu kumwogesha mama yake, na aibu hiyo ina mizizi, siibezi. Lakini kuna mambo hayahitaji kumvua mtu nguo: kulala pale Ijumaa na Jumamosi ili binti apumzike, kumpeleka kliniki, kumlipa mtu wa mazoezi, kukaa tu kibarazani na mama jioni. Mmewahi kuyagawa haya kwa majina na siku? Au yaliganda juu yako kwa kuwa ulikuwa na cheti na sketi?

Halafu huyo binti wa Lushoto. Mwanangu, hapa nitakugusa mahali panapouma, nivumilie. Wewe una mkataba, una likizo, una mwezi wa 52 wa michango na unaujua kwa idadi. Yeye ana mwezi wa ngapi? Sheria yetu ya ajira ya 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mfanyakazi wa nyumbani anaweza kuandikishwa NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anapaswa kubeba angalau nusu. Kwa shilingi 120,000, nusu hiyo ni shilingi 12,000. Sijui kama mmefanya, barua haisemi. Nauliza kwa sababu unamwita "mikono mizuri", na mikono mizuri huko uliko inatafutwa mpaka ng'ambo ya bahari. Ameaga kwa ajili ya bibi yake, nami siwezi kumlaumu kwa jambo lilelile linalokukosesha wewe usingizi. Lakini je, alishaulizwa kama angebaki akipata siku mbili za kwenda Lushoto kila mwezi, nauli mkononi, na nyongeza? Pengine atakataa. Basi muulize mapema, Idi iko mlangoni, ili kama anaondoka amfundishe atakayemrithi kwa mikono, wiki mbili wakiwa pamoja. Hilo simu haiwezi.

Sasa njia zako, jinsi ninavyoziona.

Ya kurudi sasa unaijua. Utakuwa karibu na mama, na hilo halina bei. Hatari yake ni kwamba wewe ndiye unayelipia dawa, pampasi na mazoezi. Ukishuka kwenye basi Muheza, pesa inasimama na wewe unakuwa mhudumu usiyelipwa, wakati ulishawahi kusubiri ajira miaka miwili hapohapo. Kaka zako wameahidi kulipia nini, shilingi ngapi, kila tarehe ngapi? Kama jibu ni "tutaona", hilo nalo ni jibu. Na ukiondoka, usiharakishe kuomba zile fedha za michango. Ukizichukua umefuta rekodi yako yote ya pensheni kule, na unarudishiwa fungu lako tu, la mwajiri linabaki.

Ya kumaliza miezi minane inaonekana ya busara kwenye karatasi. Ila mama hayuko kwenye karatasi. Mwenye kiharusi cha kwanza anaweza kupata cha pili, wewe nesi unalijua hilo kuliko mimi. Ukiichagua njia hii, chagua ukijua kwamba simu ya usiku inaweza kuja Julai, na hesabu zako hazitakufariji siku hiyo. Ukiweza kujiambia leo, ukiwa macho, "niliona hatari hiyo nikabaki kwa sababu hizi", utalia kama wanavyolia wafiwa wote. Ukibaki kwa kuahirisha tu, utalia vingine.

Ya katikati ni kuomba likizo bila malipo, miezi miwili au mitatu. Mwajiri mwenye upungufu mkubwa namna hiyo anaweza kuona heri akukose miezi mitatu kuliko akukose kabisa. Hiyo ndiyo nguvu pekee ambayo mfanyakazi anayo katika nchi iliyozeeka, itumie bila haya. Lakini pima: miezi usiyolipwa kwa kawaida haihesabiwi kwenye ile 60, kwa hiyo Septemba itasogea. Na ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita mfululizo kibali chako kinaweza kufa chenyewe, kwa hiyo kabla ya kukata tiketi pata maandishi kutoka ofisi ya wageni. Ukishapata kibali cha kudumu, unaweza kuomba wakuongezee muda wa kukaa nje, mradi uombe kabla hujaondoka.

Ya nne hukuiandika, nami nashuku umeifikiria kimyakimya kwenye kile chumba cha kufulia: kumleta mama huko. Tangu Machi 2024 sheria yao inamruhusu mwenye ujuzi aliyepewa kibali cha kwanza cha kazi kuanzia mwezi huo kuwaomba wazazi wake wajiunge naye, na kibali chako cha kazi bila shaka ni cha baada ya hapo. Wanataka uonyeshe kwamba utamtunza kwa kila kitu, pamoja na bima ya afya, na bima ya mgeni wa miaka 72 aliyepooza ni mlima. Tuseme umeupanda. Mama ataamka kwenye fleti yenye theluji dirishani, wewe uko zamu, na hakuna mtu mtaa mzima wa kumwambia "umelalaje" kwa Kiswahili. Kuna wazee waliokubali hayo ili wawe na mtoto wao. Kuna waliokufa kwa upweke. Sijui mama yako ni yupi.

Na hapo ndipo ninapotaka kusimama. Katika barua yote, kila mtu amesema anachotaka. Kaka, mjomba, binti, mwalimu wako, hata yule bibi wa miaka 91 amesema anataka kwenda kwa mama yake. Mama yako hajasema. Maneno yamempungua, ni kweli, lakini kutikisa kichwa je? Kukubana mkono? Wewe una subira ya kumwelewa mzee asiyekumbuka kwamba mama yake amekufa. Muulize wako, swali moja kwa siku, fupi, la ndiyo au hapana. Anataka urudi? Anataka umalize? Usishangae akikujibu jambo ambalo kaka zako hawajalifikiria.

Kuhusu lile neno "mwanangu". Uliliandika haraka, sentensi mbili ukapita. Wivu huo usiuonee haya. Mama aliyezaa akamwita mtoto wa mwingine "mwanangu" hajakufuta. Amempa jina yule aliyemgeuza saa nane usiku. Yule bibi wako wa Thuringia anakuita nani, akiwa mlangoni na koti lake?

Mwisho nina jambo dogo, na wewe ndiye nesi, mimi ni Shangazi tu. Mama amepooza kulia. Simu inawekwa kulia. Binti anakaa kushoto. Umenieleza mwenyewe kwamba ukimwita, anamgeukia binti. Kuna wagonjwa wa kiharusi ambao upande uliopooza hawauoni vizuri hata kama macho ni mazima. Huko kazini naamini ungeligundua siku ya kwanza kwa mzee wa mtu mwingine. Leo jioni mwambie binti ahamishe ile stuli, kopo la sukari na simu, aviweke kushoto, yeye akae nyuma ya simu. Kisha mwite mama.

Niandikie alifanya nini.

Shangazi